Fimbo ya Pazia

Chumba cha ndani cha Shangazi, nyumbani kwake Vikokotoni, hakina mlango wa mbao. Kina pazia. Tangu nipate akili, pazia hilo limetungikwa kwenye fimbo ya chuma nyembamba kuliko kidole cha shahada, ndefu kupita upana wa mlango, hata ncha yake moja imetokeza pembeni na kila mgeni mrefu aliyeingia nyumba ile amewahi kujigonga hapo. Ncha ya pili imepanuka kama kichwa cha msumari. Hiyo ndiyo inayozuia pete za pazia zisichopoke.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoambiwa kuwa ile si fimbo ya pazia. Ni mdeki.

Watoto ninaowasomesha leo mdeki hawaujui, na si kosa lao. Bunduki za sasa hujazwa nyuma. Za zamani zilijazwa mdomoni. Mtu alimimina baruti kwenye mtutu, akatia kitambaa, akatia gololi ya risasi, kisha akavishindilia vyote kwa fimbo mpaka vikakaa chini. Fimbo hiyo ndiyo mdeki. Ukimaliza unauchomoa na kuurudisha kwenye ala yake, chini ya mtutu. Ole wako ukiusahau ndani, maana utaruka pamoja na risasi. Bunduki ya namna hiyo isiyo na mdeki ni bomba tu lenye kitako.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa Birkat al-Mouz, mji mdogo chini ya Jabal Akhdar, Oman ya ndani. Baba yao alipofariki, yeye na kaka yake walibaki na mitende michache, zamu ya maji ya mfereji wa falaji, jambia moja na bunduki moja ya mrao. Mitende na maji alibaki navyo kaka, ambaye alikuwa na mke wa kumlisha. Jambia alipewa Babu. Bunduki haikugawika. Babu alipokata shauri kuifuata kaskazi hadi Unguja, mwaka 1938, ndipo walipoigawa: mkubwa akabaki na bunduki, mdogo akachukua mdeki. Siku mdogo atakaporudi, bunduki itapigwa mara moja, hewani, ili mji mzima ujue.

Babu hakurudi. Alifungua duka, akaoa, akazaa, akazikwa Mwanakwerekwe. Jambia, kwa maelezo ya nyumbani kwetu, lilimponyoka baharini karibu na Lamu, usiku jahazi lilipoyumba. Mdeki ulifika salama.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Shangazi, "Lakini si wangechonga mdeki mwingine kule? Fimbo yoyote iliyonyooka ingefaa."

"Mwanangu, mtu hushindwa kuchonga fimbo? Ile ilikuwa amana."

Kuna jambo jingine ambalo Shangazi hulieleza kwa sauti ya chini hata leo. Januari 1964, baada ya Mapinduzi, nyumba nyingi za watu wenye asili kama yetu zilipekuliwa, zikitafutwa silaha. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Wapekuzi walitazama chini ya vitanda, ndani ya sanduku la njumu, hadi ndani ya mtungi wa maji. Na kila walipoingia chumba cha ndani na kutoka, walilisogeza pazia kwa mkono. Tangu siku hiyo Babu hakukubali fimbo ile ishushwe, hata kwa kufua. Pazia lilifuliwa kwa kuchomolewa pete moja moja.

Kwa hiyo mwaka huu Shangazi alipopanda kigoda mwenyewe, kwa magoti yake yale mabovu, akaushusha mdeki na kuufunga kwenye kanga mpya, nilijua kuwa sitakiwi kujibu.

"Mimi siwezi safari," alisema. "Nenda wewe. Waambie amana yao ipo."

*

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka ishirini na miwili nimechora ubaoni mishale ya pepo za msimu: kaskazi inashuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Disemba, kusi inapanda kutoka Aprili. Lakini mwenyewe nilikuwa sijavuka mbali zaidi ya Dar es Salaam. Hii ilikuwa safari yangu ya kwanza ya ndege, ya kwanza ya nchi ya kigeni, na ya kwanza kubeba kipande cha silaha.

Fundi bomba mmoja wa Darajani alinikatia bomba la plastiki la mita moja na nusu, akalitia vifuniko pande mbili. Ndani tuliuingiza mdeki na kanga yake. Uwanja wa ndege kijana wa ukaguzi aliufungua, akaunyoosha mbele ya uso kama mtu anayekagua muwa.

"Nini hii, mama?"

"Fimbo ya pazia."

"Unakwenda Maskati na fimbo ya pazia? Kwani kule hawana?"

Sikuwa nimesema uongo, ndiyo maana sikutetemeka. Alicheka, akaufunga, akaupeleka na mizigo.

Babu alikuja na kaskazi mgongoni, jahazi likishuka na pwani ya Somalia hadi Lamu na Mombasa, karibu mwezi mzima. Mimi niliikabili kaskazi hiyo hiyo kwa mbele, kwa saa tano, nikiwa nimekaa kwenye kiti na kupewa kuku na wali. Nilijaribu kuona haya kidogo kwa ajili hiyo, lakini usingizi ulinishinda.

Sikuwa nimetegemea baridi. Nilitoka Unguja tunajipepea kwa mabawa ya daftari, nikashuka Maskati usiku wa Januari nikakuta watu wamevaa makoti. Mtoto wa kiume wa Ami, yule mzee niliyekuwa nakwenda kwake, alinipokea kwa salamu ndefu ya Kiarabu ambayo niliijibu kwa alhamdulillahi za kila namna, maana Kiarabu changu kinaishia kwenye swala. Asubuhi tukashika njia ya Nizwa, kama kilomita mia moja na sitini. Barabara inapita bonde la Samail, mwanya mkubwa unaoikata milima ya Hajar, na milima yenyewe haina hata kijiti. Mtu aliyezoea kisiwa ambacho ukitupa kokwa ya embe inaota, macho yake hutafuta udongo pale yakaukosa. Nikaelewa kwa nini mtu angeuza alichonacho akafuata harufu ya karafuu.

Kisha, baada ya Izki, gari likakata kulia kuelekea mlimani, na mbele yetu kukatokea kijani kibichi: mitende, na chini ya mitende, migomba! Birkat al-Mouz maana yake ni birika la ndizi. Nilimwambia kijana asimamishe gari. Maji ya falaji yalikuwa yakipita ndani ya mfereji wa mawe, maangavu, yana haraka. Falaji ya Khatmain, inayolisha mashamba yale, ni miongoni mwa tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji huletwa kutoka chini ya ardhi kwa mteremko peke yake, bila pampu, na wenye haki huyagawana kwa zamu. Kipimo chake huitwa athari, kama nusu saa ya maji. Juu ya mashamba, ubavuni mwa kilima, umebaki mtaa wa zamani wa nyumba za udongo zilizoanguka nusu. Kijana akanyoosha kidole kwenye mojawapo. Sikuhitaji mkalimani kujua ananionyesha nini.

*

Bunduki niliiona kabla ya kuketi.

Kwa kawaida pale wanawake huketi kwao na wanaume kwao, lakini siku ile Ami alitaka wanawe na wajukuu washuhudie amana ikifika, kwa hiyo nilikaribishwa majlisi pamoja na mkewe. Ami ni mtoto wa yule kaka mkubwa, mzee wa miaka themanini na ushei, mnyoofu, kilemba chake kimefungwa kwa makini kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Kiswahili chake amekipata kwa mkewe, mzaliwa wa Wete, katika ndoa ya nusu karne.

"Wewe bint wa ndugu yangu," alisema. "Karibu nyumba yako."

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, marahaba." Akageuka kwa wanawe kwa fahari, kama aliyejibu mtihani.

Tulikula tende, tukanywa kahawa chungu kwenye vikombe visivyo na mkono, tukaulizana habari kwa taratibu ile ya Oman ya ndani ambayo jibu la kila habari ni kuwa hakuna ila ya kheri, hata kama kuna msiba. Juu ya kichwa cha Ami, kwenye misumari miwili, bunduki ilikuwa imelala. Mbao yake nyekundu ya kahawia imepakwa mafuta hadi inang'aa. Karibu na kitako palikuwa na chapa: taji, herufi V.R., na mwaka 1884. Chini ya kifyatulio ulining'inia mkono wa chuma, kama mpini wa upawa.

Ami akaanza kusimulia kwa Kiarabu, mkewe akinitafsiria kwa sauti ndogo. Hii ndiyo bunduki ya baba yao. Hii ndiyo waliyogawana ndugu wawili. Watoto waliisikia hadithi kama wanaosikia adhana: wanaijua yote, na bado wamenyamaza. Nyumba zile bunduki ya zamani si pambo la ukutani tu. Siku ya harusi au ya Idi huteremshwa, ikabebwa begani na mzee kwenye mstari wa ngoma, na kijana anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza huonekana kuwa amekuwa mtu.

Nikafungua bomba. Nikaitoa kanga, nikauweka mdeki mapajani mwa Ami, nikasema maneno niliyotumwa: "Shangazi anasema amana yenu ipo."

Wote walisimama. Mjukuu mmoja, kijana wa chuo, aliiteremsha bunduki kwa mikono miwili. Chini ya mtutu kulikuwa na fimbo nyembamba ya kusafishia. Akaichomoa, akautia mdeki wetu mahali pake. Ulikwama. Ulikuwa mnene kwa ala ile, na urefu wake ulizidi mdomo wa bunduki kwa shubiri nzima na zaidi. Akajaribu tena, akageuza upande wa pili. Kisha, kwa ule uungwana wa vijana ambao hauangalii nyuso za watu, akaushika ule mkono wa chuma akauvuta chini. Tumbo la bunduki likafunguka, tundu la risasi likaonekana, nyuma kabisa. Akasema kitu.

Mkewe Ami hakunitafsiria. Hakukuwa na haja. Bunduki ile haijazwi mdomoni. Haijapata kuhitaji mdeki hata siku moja.

Ami aliuchukua mdeki, akaupangusa kwa ncha ya kilemba chake, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Njia ndefu," aliniambia. "Chuma inapinda."

Mdeki ulikuwa umenyooka kama uzi wa seremala. Nikamtazama mkewe. Alikuwa akimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha jaa.

*

"Mwanangu, we si mwalimu?" aliniuliza usiku ule jikoni, tukimenya ndizi mbichi. Alikuwa ananipikia ndizi kwa nazi, ndizi za mlangoni pake na nazi ya unga wa pakiti, na kila dakika alikuwa akiomba radhi kwa ajili ya hiyo pakiti. "Basi nikusomeshe na mimi leo."

Alikuja Oman mwaka 1973 na wazazi wake, baada ya Sultani Qaboos kuwaita waliotawanyika warudi. Aliolewa nyumba ile mwaka 1975. Kitu cha kwanza alichokiona kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, ile ya udongo, kilikuwa misumari miwili mitupu, na baina yake chokaa nyeupe kuliko kwengine kote, umbo la kitu chembamba, kirefu. Akamwuliza mama mkwe. Mama mkwe alikaa mwaka mzima ndipo akamjibu.

Ilikuwa mwaka 1961. Vita vya mlimani, baina ya watu wa Imamu na jeshi la Sultani likisaidiwa na Waingereza, vilikwisha miaka miwili nyuma. Tanuf, upande wa pili wa Nizwa, ilikuwa magofu kwa mabomu ya ndege, na ni magofu hadi leo. Kazi hapana, shule hapana. Vijana walikuwa wakitoroka mmoja mmoja kwenda Bahrain na Kuwait kubeba zege. Ami alikuwa na miaka kumi na saba. Ijumaa moja baba yake aliamka alfajiri, akapanda punda kwenda Nizwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye mkeka, akarudi jioni na pesa ndani ya mkunjo wa kilemba. Alimwambia mwanawe kuwa kakopa.

Ami alifika Bahrain, kisha Kuwait. Alirudi mwaka 1971. Baba yake alikuwa ameshafariki miaka mitatu nyuma, na misumari ilikuwa mitupu.

"Mama mkwe alisema alikaa chini ya ile misumari kutwa nzima, hakula. Jioni akasema neno moja tu: nimekula amana ya ami yangu."

Kisu changu kilisimama juu ya ndizi.

"Mimi nilimwambia, nikiwa mke mpya sina adabu: wewe hukuila, ndiyo iliyokulisha. Hakunijibu. Mwaka wa pili wa ndoa yetu akaenda Nizwa na mshahara wake, akarudi na ile Martini uliyoiona ukutani, akaitungika. Kuficha ule weupe wa ukuta, ndivyo nilivyodhani. Kisha watoto wakazaliwa wakaikuta. Mtoto akiuliza, baba, hii ya nani? Utamjibu nini? Jibu la kwanza likizoea mdomo, la pili halipati pa kupita." Akatia ndizi kwenye sufuria. "Ila yeye hajajidanganya hata siku moja. Kila Ijumaa yuko soko la Nizwa, kule kwa wauza bunduki za zamani. Ananunua? Hanunui. Kesho kutwa Ijumaa. Nenda naye. Chukua na bomba lako."

*

Soko la Ijumaa la Nizwa huanza jua halijakolea. Chini ya ngome, ule mnara mnene wa duara uliojengwa na Imamu Sultan bin Saif katika karne ya 17, wafugaji huzunguka na mbuzi wao kwenye duara, wanunuzi wamekaa ndani na wengine wamesimama nje, na kila mbuzi hupita baina ya macho mawili kama bibi harusi asiyetaka kuolewa. Nilipigwa na pembe mara mbili. Ami hakugeuka. Alinipitisha hadi pembeni, walipokaa wazee kadhaa wametandika mikeka, na juu ya mikeka, bunduki.

Hapo Ami akawa mtu mwingine. Kiswahili chake kilimtosha, na pasipotosha alitumia mikono.

Za aina ya Martini zilikuwa nyingi. Waingereza walianza kuitumia bunduki hiyo mwaka 1871, na ilipopitwa na mpya zaidi, za zamani zikauzwa huku na huku. Kuanzia miaka ya 1890 Maskati ikawa bandari kubwa ya biashara ya silaha. Nyingi zilivushwa upande wa pili wa Ghuba, kuelekea Makran na mipaka ya Afghanistan, mpaka biashara ilipobanwa mwaka 1912. Zilizobaki zilipanda milimani zikawa za watu.

"Lakini hii," akasema, akichuchumaa mbele ya bunduki ndefu, nyembamba, kiuno chake kimevikwa pete za fedha, "hii abu fatila. Baba ya utambi."

Ndiyo bunduki ya mrao. Nilikuwa nimelijua neno hilo tangu utotoni bila kulipatia umbo. Ami akanionyesha: hapa unatia baruti laini, kwenye kisahani hiki kidogo ubavuni. Hapa, kwenye kidole hiki cha chuma, unabana utambi unaowaka. Ukivuta kifyatulio, kidole kinainama kama kuku anayedonoa, moto unagusa baruti. Ukinyeshewa na mvua, umebeba fimbo. Mtutu huu, akasema, umetoka mbali, Uajemi au kwa Waturuki, na una umri mkubwa kuliko mbao yake. Mbao imechongwa hapa, ikivunjika inachongwa nyingine. Fedha ni ya mfua fedha wa juzi, kwa sababu watalii wanapenda fedha.

"Yetu haikuwa na fedha," akaongeza. Ndiyo mara ya kwanza kusema "yetu" akimaanisha ile nyingine.

Sikusema kitu. Nilifungua bomba nikampa mdeki.

Aliushika muda. Kisha akaomba ruhusa kwa mwenye mkeka, akaipigia magoti bunduki ya kwanza. Mdeki haukuingia mtutuni. Ya pili uliingia ukazama wote, hapakubaki pa kushika. Wazee walianza kusogea. Mwuza visu akaacha visu vyake. Ya tatu, mdeki uliteleza ndani ya ala kama mkono ndani ya mfuko wa kanzu. Akauchomoa, akautia mtutuni, ukashuka mpaka chini ukabakisha upana wa kiganja. Mkono wa Ami ulikuwa ukitetemeka. Mwenye bunduki, ambaye hakuwa mjinga, akataja bei iliyonifanya nihesabu mishahara yangu ya mwaka. Ami akatia mkono kifuani kutafuta pochi.

Hapo sijui ni ualimu ulionisukuma au ni hofu. "Ami," nikasema, "ijaribu na ile."

Ya nne haikukubali. Ya tano ilikubali. Tukahamia mkeka wa pili, na ya saba ikakubali vizuri kuliko zote.

Mdeki mmoja, bunduki tatu. Ami alizilaza sambamba mbele yake, akazitazama, na bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mzee kisicho na sauti, na wale wazee, bila kujua wanachekea nini, wakamsaidia.

Alizirudisha zote kwa wenyewe, moja moja, kwa kushukuru. Mdeki akanipa mimi.

"Chukua, rudi nayo Unguja. Ikibaki hapa, Ijumaa ijayo mimi nanunua bunduki ya pili ya uongo."

Usiku ule aliwaita wanawe na wajukuu tena. Sikuyafahamu maneno, ila niliisikia namba ya mwaka, 1961, na neno Bahrain, na baadaye 1976. Mjukuu wa chuo aliuliza maswali mengi: Kuwait mshahara ulikuwa kiasi gani, bunduki aliibebaje hadi nyumbani, nani alikuwa naye. Martini haikuteremshwa ukutani. Kijana aliisogelea akaitazama ile chapa ya 1884 kwa karibu, kama anayeiona kwa mara ya kwanza, kisha akamwuliza babu yake jambo jingine, na Ami akajibu kwa urefu, mikono yake yote miwili ikifanya kazi. Mkewe alinitafsiria moja tu: "Anaulizwa kwa nini alichagua hii na si nyingine. Miaka hamsini sijapata kumwuliza mimi."

*

Nilimsimulia Shangazi yote, bila kupunguza, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na mdeki umelala baina yetu kwenye mkeka. Pazia lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, limelegea katikati kama tumbo la punda. Nilitegemea atasikitika kwa bunduki. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumpoza.

"Alipokwenda Bahrain alikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na saba."

"Maskini. Na miaka yote hiyo anajiona kala amana." Akauokota mdeki, akaanza kuzivisha pete za pazia, moja baada ya moja. "Baba yangu alikuwa na kumi na tisa. Unadhani nauli ya jahazi aliitoa wapi?"

Sikujibu. Sikuwahi kujiuliza.

"Lile jambia halikudondoka Lamu," alisema, na akanipa ncha ya mdeki. "Shika huko, tulitungike."